Mzee wa Kona Akabidhi Usukani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpimaji mkuu wa jarida letu la magari anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Muda wote huo alikuwa na jukumu moja tu: kuchukua sedani za kifahari ambazo yeye wala sisi hatutazimiliki, kuzipandisha mlimani, kuziteremsha, kisha kuwaambia wasomaji ipi inajua kona na ipi inajifanya. Wasomaji wanamwita Mzee wa Kona. Ofisini tuna majina mengine pia, lakini kamati ya maandalizi ya hafla hii ya kumuaga imeniomba niwe na adabu, nami nimeahidi kujaribu.

Mimi ni msahihishaji wa jarida, na Mzee huniita Mwalimu. Kila alichoandika Mzee kilipita mezani kwangu kabla ya kwenda mtamboni, na kalamu yangu nyekundu inamfahamu kuliko ndugu zake. Ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Wengine walikataa kwa sababu wanampenda mno, na mmoja alikataa kwa sababu hampendi kabisa. Mimi niko katikati, na siku nyingine huhama.

Alikuja kwetu akiwa kijana mwembamba wa idara ya usambazaji, akiendesha gari la kupeleka majarida madukani. Siku moja mpimaji wa wakati ule aliugua tumbo. Sedani mbili zilikuwa zimeazimwa na zilitakiwa kurudishwa kesho yake, na kijana huyu ndiye pekee katika jengo zima aliyekuwa na leseni pamoja na ujasiri wa kudanganya kwamba barabara ya mlimani anaijua. Makala yake ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe. Alieleza kila kona, kila shimo na kila lori la magogo alilokutana nalo, akasahau kusema gari lipi limeshinda. Wasomaji waliandika barua miezi mitatu wakibishana, na mhariri wa enzi hizo, aliyekuwa hajapata barua hata moja mwaka mzima, akampa kazi ya upimaji.

Barabara hiyo wengi wenu mnaijua kwa picha. Inaanzia kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya kituo cha mafuta, inapanda kwa kona tisa zilizobanana, inafika kwenye mnara wa simu, halafu inarudi ilikotoka kwa kuwa hakuna kingine kule juu. Upande mmoja ni mwamba unaochuruzika maji, upande wa pili ni hewa tupu. Kona ya saba inajipinda mara mbili, yaani ukidhani umeimaliza, inakuongezea. Mzee alishikilia tangu mwanzo kwamba gari la kifahari lisipimwe mjini, kwa sababu kwenye foleni magari yote ni mazuri.

Katika hilo alikuwa sahihi, na wenye magari hawakumsamehe. Mtu hununua sedani yenye injini ya mashindano na springi ngumu, kisha huitumia kuvuka matuta ya mtaani kwa mwendo wa bibi harusi. Kitufe cha mwendo wa kimichezo hukibonyeza akiwa kwenye maegesho ya duka, ili wapita njia wasikie mngurumo. Mzee aliwakumbusha kila mwezi kwamba mashine ile iliyotengenezwa kwa ajili ya milima wao wanaipeleka kwa dobi. Waliendelea kununua jarida, nadhani ili waone kama amewataja.

Lugha yake ilikuwa ya mtu anayesimulia ukoo wake. Kila sedani aliigeuza kuwa mkwe au shemeji. Moja ya bluu aliiita mkwe mpole: inakubali kila unachosema mpaka mfike kwenye kona, hapo ndipo unagundua ilikuwa na msimamo wake tangu zamani. Nyingine ilikuwa shemeji wa wikendi, nzito, imejaa starehe na haina haraka ya kuondoka. Mimi nilikuwa nikifuta nusu ya sentensi hizo, yeye akizirudisha kwa siri, na ndivyo tulivyoishi. Kuna mwezi nilimfutia ukurasa mzima uliolinganisha breki za sedani mbili na ahadi za baba yake mdogo, kwa kuwa huyo baba mdogo ni msomaji wetu. Hakunisalimia mpaka toleo lililofuata.

Yuko mwenye duka la magari aliyekuja ofisini amevimba, kwa sababu Mzee aliandika kwamba usukani wa sedani yake umekufa ganzi. Mzee hakubishana naye. Alimweka kwenye kiti cha mbele cha sedani hiyohiyo wakaenda mlimani. Waliporudi yule bwana aliomba maji, akakaa mapokezi muda mrefu akitazama sakafu, kisha akasema kwa upole kwamba labda ganzi kidogo ipo. Tangu siku hiyo aliyatuma magari yake, lakini yeye mwenyewe hatukumwona tena.

Na sifa zake nyingine tuziseme, madhali leo amefungwa tai na hawezi kunyanyuka kujitetea. Mtu huyu aliyeweza kuteremka kona tisa kwenye ukungu bila kugusa kingo hajawahi kuegesha gari vizuri hata siku moja. Nguzo ya lango letu ina mistari ya rangi za sedani zote zilizowahi kuazimwa na ofisi hii, na mlinzi huwaonyesha wageni akieleza mwaka wa kila mstari. Mkewe, shemeji yetu tunayemheshimu sana, ana gari dogo la kwendea kazini na hamruhusu Mzee kulishika. Alimruhusu mara moja tu. Mzee alimsimulia kila kona kutoka nyumbani mpaka sokoni, na kwenye mzunguko akamuuliza kama anausikia uzito ukihamia gurudumu la mbele. Shemeji akasema anachosikia ni njaa.

Kujisifu hakukumpita. Alidai anaitambua sedani yoyote akiwa amefumba macho: mlango ukifungwa anasikia chuma chake, akinusa kiti anajua ngozi yake, na mengine yote anayapata kupitia sehemu ya mwili anayokalia. Kila mgeni wa ofisi aliipata hotuba hiyo. Tuliizoea, kama watu wanavyozoea bomba linalodondosha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ilinishauri niliruke.

Miaka tisa iliyopita tulimwajiri mwanamke mmoja kutoka karakana ya kunyoosha na kubalansi magurudumu. Tukamwita Balansi, naye akalipokea jina bila kinyongo. Unyenyekevu hana, tuseme ukweli. Wiki yake ya kwanza alimwambia Mzee mbele ya watu kwamba anachelewa kukanyaga breki. Mzee akamjibu, "Binti yangu, wewe ni fundi wa matairi." Naye akasema, "Ndiyo, Mzee, na hayo matairi ndiyo unayoyamaliza." Kuanzia hapo walikuwa wakigombana kila siku ya kazi, na siku ambayo mmoja hakuja, mwingine alikuwa akizunguka ofisini bila shughuli.

Ipo kanuni hapa jaridani, na aliyeiandika ni Mzee mwenyewe wakati alipokuwa na nguvu za kuandika kanuni. Inasema kwamba hakuna atakayekuwa mpimaji mkuu mpaka yule anayeondoka akae kiti cha nyuma, apandishwe na kuteremshwa mlima wote, kisha atamke ndiyo kwa maandishi. Balansi alimwomba Mzee akae nyuma yake tangu mwaka wa kwanza. Mzee alikuwa na mgongo, kisha macho, kisha ukungu, kisha wageni, kisha mgongo tena. Alichomruhusu ni kuendesha kutoka ofisini mpaka uwanja wa changarawe, pale chini, halafu wanabadilishana viti. Balansi alipanda mlima miaka yote hiyo akiwa abiria, amekunja mikono, akizitaja kwa sauti breki zilizochelewa.

Sababu ambayo Mzee aliitoa hadharani ni kwamba dereva si kitu. Gari ndilo linalopinda kona, alisema, dereva ameshika usukani ili asianguke. Hiyo ni nadharia ya ajabu kutoka kwa mtu anayejisifia uendeshaji wake, lakini hatukuona ikimkosesha usingizi. Sababu ya kweli tuliijua sote. Hakutaka kuona mtu mwingine akiuendesha vizuri mlima wake.

Mwaka huu visingizio vikamwishia. Bosi, yaani mhariri wetu mkuu, mtu mwema anayevutiwa na kila kinachong'aa, alikuwa ameshampata anayemtaka: bwana mmoja mwenye wafuasi wengi mtandaoni, anayejirekodi ndani ya magari akiwa amevaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Tunamwita Mubashara. Bosi alitamka wazi kwenye kikao kwamba Mzee akiondoka bila kusema ndiyo kwa Balansi, nafasi ni ya Mubashara, na Balansi ataendelea kupima upepo wa matairi. Balansi naye akatamka wazi kwamba hatapima upepo wa mtu yeyote. Ataacha kazi. Alisema hivyo akiwa anamtazama Mzee, si Bosi, na Mzee akajifanya anatafuta miwani yake.

Mwishowe alikubali, shingo upande, na kwa masharti yake. Sedani zitakuwa mbili, nyeusi na ya rangi ya fedha. Mubashara ataendesha moja, Balansi nyingine, na yeye atakaa nyuma akiwa amefungwa macho. Asiambiwe gari ni lipi wala dereva ni nani. Tena mtu yeyote asitamke neno isipokuwa yeye, mpaka mwenyewe atakapokifungua kitambaa. Atahukumu magari tu, alisema, kwa kuwa madereva hawamhusu. Gari litakaloshinda, aliyeliendesha ndiye atakayepewa ile ndiyo. Balansi alilalamika kwamba hiyo ni kamari, si mtihani, lakini alijua hatapata siku nyingine.

Basi tukakusanyika uwanjani asubuhi, baridi imekaza. Mzee alifungwa macho kwa taulo la mkono alilotoka nalo nyumbani. Bosi alikaa mbele, mimi nyuma kando ya Mzee ili niandike atakachosema, na mpiga picha wetu, Kamera, akabaki kulinda ile nyeusi pamoja na Balansi. Mubashara akashika usukani wa ile ya fedha. Mlango wa Mzee ulipofungwa alikunja uso. "Bati," akasema. Akanusa kiti. "Na ngozi hii ni ya ng'ombe mgonjwa." Nikaandika.

Mubashara aliondoka kwa mbwembwe. Kila kona aliifikia akiwa na haraka, akakanyaga breki katikati yake, akausahihisha usukani mara mbili tatu, halafu akakanyaga mafuta kwa nguvu kuomba radhi. Sedani ilikuwa ikiinamisha pua, ikiinua, ikitikisa mkia. Kichwa cha Mzee kilikuwa kikienda huku na huku pamoja na taulo lake. Kwenye kona ya saba Bosi alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili na kuanza kupumua kwa mdomo. Tulipokuwa tunateremka Mzee akatoa hukumu: pua nzito, springi hazijui zinamfanyia nani kazi, usukani ni wa kubembelezwa. Sedani hii, alisema, apewe mtu mliyegombana naye.

Tuliporudi uwanjani tulikuta ile nyeusi imelalia upande. Kamera alitaka kuisogeza kwenye mwanga mzuri wa picha, akairudisha nyuma juu ya kipande cha chuma, na tairi likachanika ubavuni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sedani hizi, zinazouzwa kwa bei ya nyumba, hazina tairi la akiba. Zina kopo la povu la kuzibia tundu. Kamera alikuwa amelimimina povu lote ndani ya tairi, nalo limetokea kwenye ule mchaniko na kumwagikia viatu vyake.

Hakuna aliyeweza kusema lolote, kwa sababu ya lile sharti la ukimya. Mzee alisimama katikati yetu na taulo lake usoni, akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa, na sisi tukazungumza kwa vidole. Kamera alionyesha tairi, akaonyesha viatu, akajionyesha mwenyewe. Bosi alipunga mikono kwamba mambo yameisha, twende nyumbani. Balansi alitikisa kichwa kwamba haendi popote. Mubashara alikuwa anarekodi. Tulikuwa watu wazima, wenye familia, tukikaripiana kwa nyusi.

Mzee alichoka kungoja. "Nilisema msiongee, sikusema msitembee," alisema, akamwaga chai iliyobaki. Akapapasa hewa, akaupata mpini wa mlango wa nyuma wa ile ya fedha, mlango uleule aliotokea dakika chache zilizopita, akaingia na kuufunga. Uso ukamchangamka. "Mnasikia? Huu sasa ni mlango."

Niliketi kando yake. Alinusa kiti, akatuarifu kwamba ng'ombe huyu alitunzwa vizuri. Bosi aligeuka kunitazama, nami nikatazama paa. Balansi alikuwa bado amesimama nje. Gari alilopewa lilikuwa limelala, na hili lingine lilikuwa limekwisha kuhukumiwa vibaya kuliko sedani yoyote ninayoikumbuka. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliutazama mlima kidogo, akaingia, akasogeza kiti mbele, akarekebisha vioo, akawasha.

Nimepandishwa mlima ule mara nyingi kuliko ninavyopenda, na sijawahi kuandika kidogo kama safari hiyo. Hapakuwa na cha kuandika. Balansi alimaliza breki kabla kona haijaanza. Aligeuza usukani mara moja, akautuliza, akaurudisha mara moja. Uzito wa gari ulihamia mbele polepole, ukakaa, kisha ukarudi nyuma bila mtu kusukumwa. Lori la magogo tulilipita pale panapopitika. Kwenye kona ya saba nilijikaza kama kawaida yangu, nikaja kugundua tumeshaipita. Nikamgeukia Mzee. Mikono yake ilikuwa magotini, na vidole vilikuwa vikigeuka kidogo kidogo, akiendesha naye.

Tulipokuwa tunateremka alisema, "Gari hili linanisikiliza." Ikapita kona nyingine. Akasema kwamba amelingoja gari la namna hii miaka yote, na kwamba alikuwa ameanza kufikiri atastaafu bila kulipanda. Hakuna shemeji wala mkwe aliyetajwa. Niliyaandika maneno hayo yote bila kufuta hata moja, mimi niliyekuja kumcheka.

Uwanjani alitoka, akafungua taulo, akapepesa macho. Mbele yake palikuwa na sedani ya fedha, na nyuma ya Kamera palikuwa na sedani nyeusi inayotokwa na povu. Aliuliza ile ya pili ilikuwa ipi. Tukaanza kuonyesha kwa vidole, nadhani kwa mazoea. Balansi ndiye aliyejibu. "Hii hii, Mzee." Alizunguka gari. Akafungua mlango wa nyuma, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga tena, amesogeza sikio karibu. Halafu akaanza kujitetea: matairi yalikuwa yamepata moto, shokabu zilikuwa zimelainika, barabara ilikuwa imekauka. Kila alichosema kilikuwa na ukweli kidogo, na yeye ndiye aliyejua vizuri zaidi kuliko sisi kwamba ni kidogo mno.

Bosi alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba jaribio ni batili, kwa kuwa masharti yalitaka magari mawili na limetumika moja. Pasipo jaribio hapana ndiyo, na pasipo ndiyo nafasi ni ya Mubashara. Kwa Mzee hiyo ilikuwa njia nyepesi kabisa. Angenyamaza tu, na umaarufu wake wa kutambua milango ungebaki salama hadi siku ya leo, tungeusifia humu ukumbini na kuupigia makofi. Akiyasimamia maneno yake, ingebidi akiri kwamba mlango aliouita bati ndio alioupenda baadaye, na kwamba ile nadharia ya dereva si kitu aliipika mwenyewe ili asimpishe mtu. Balansi alimwambia, "Mzee, sema ulichosema garini." Mzee akakunja taulo lake. Aliingia kwenye ile ya fedha, akakaa kiti cha abiria na kufunga mkanda, na hakufungua kinywa mpaka mjini.

Siku mbili hakuonekana ofisini. Balansi alianza kuondoa vitu vyake kwenye droo, kimoja kimoja, kwa kelele, ili tusikie.

Siku ya tatu Mzee alikuja na makala. Aliiweka mezani kwangu na kusema, "Mwalimu, hii usifute." Niliisoma mbele yake. Ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Mlango ulikuwemo, na ng'ombe wote wawili, mgonjwa na aliyetunzwa. Aliandika: "Nimelilaani gari kabla ya chai na kulisifu baada ya chai. Gari halikubadilika." Aliandika kwamba kwa miaka tisa alisema dereva si kitu kwa sababu alimwona dereva na akaogopa. Aliandika kwamba sikio lake na pua yake vimemdanganya yeye na wasomaji muda mrefu, lakini mgongo wake haukudanganya, na mgongo ulijua kwamba aliyekuwa mbele yake anauweza mlima kumzidi yeye. Mstari wa mwisho ulikuwa neno moja, lile ambalo kanuni ililitaka. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mkononi na sikupata pa kuiweka.

Bosi alikataa kuichapisha mpaka alipoona ile video ya Mubashara. Video ya Mzee akifungua na kufunga mlango, sikio limetegwa, ilitazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kununua jarida hili tangu lianzishwe. Baada ya hapo Bosi aliiona makala kuwa ni wazo lake. Mubashara naye alipata umaarufu aliokuwa akiutaka na hakuihitaji tena kazi yetu. Ile nyeusi ilipata tairi, ikapimwa na Balansi wiki iliyofuata, na ikaishinda ile ya fedha kwa kiasi kidogo. Ilikuwa makala yake ya kwanza kama mpimaji mkuu mteule. Nilimfutia kidogo tu, kwa sababu ana hasira.

Mzee amelipa gharama yake, tusijidanganye. Watu wa kituo cha mafuta humfungulia na kumfungia milango akipita, na kumuuliza ni chuma au ni bati. Wauza magari waliomwogopa sasa wanamcheka. Yeye hupita akiwapungia mkono. Balansi hakupewa pongezi yoyote kwa mdomo. Alichoambiwa ni kwamba kwenye kona ya nne alikanyaga breki mapema kidogo, naye akajibu kwamba kwa mtu wa kuchelewa kila kitu ni mapema. Hapo tukajua nyumba imetulia.

Mzee, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante. Umetufundisha kusoma barabara, umetuharibia nguzo ya lango, umetuchosha na wakwe zako, na mwishoni ukatuonyesha jinsi mtu anavyokubali kushindwa kwa maandishi yake mwenyewe, jambo ambalo katika ofisi hii sikuwahi kuliona na sitarajii kuliona tena kwa Bosi. Tunakuombea afya, usingizi mzito wa asubuhi, na uvumilivu kwa shemeji yetu, ambaye kuanzia Jumamosi atakuwa na abiria kila siku. Ishi vizuri, na utembelee ofisi yako ukija kwa miguu.

Wageni mtaona kiti kitupu kando ya mstaafu. Ni cha Balansi, na msimtafute. Sedani tatu zilifika jana, zinarudishwa Jumatatu, na leo ndiyo siku pekee ambayo mlima umekauka. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwambia asipoteze barabara kavu kwa ajili ya hotuba. Hata hivyo namfahamu: kila mlango wa ukumbi utakapofunguliwa atageuka kutazama. Mzee, tazama mbele. Hivi sasa yuko mlimani, ameshika usukani, na kiti cha nyuma hakina mtu.